Likizo ndefu kabla ya chuo: mwanangu wa kwanza nilimjaza twisheni, kumbe alihitaji kitu kingine kabisa

MamaWawili

Habari zenu wakuu. Naomba mnisome kwa utulivu, jambo hili limenikaa moyoni muda mrefu, na najua humu kuna walimu, wahadhiri, wanafunzi na wazazi wenzangu.

Mwanangu wa kwanza, wa kiume, alimaliza sekondari na alama nzuri mno. Ile likizo ndefu ya kusubiri chuo nikasema haipotei bure. Asubuhi twisheni ya hesabu, mchana fizikia, jioni kompyuta. Nilikuwa namwamsha mwenyewe. Nampigia simu kumkumbusha kipindi. Fomu za chuo nilijaza mimi, maombi ya bweni mimi, hata barua pepe kutoka chuoni zilikuwa zinaingia kwenye simu yangu. Kila aliyeniona alinisifu kwamba mama huyu anajali elimu.

Akaenda. Muhula wa kwanza akakamata sapu (mitihani ya marudio) tatu kati ya masomo matano. Nilimkalisha nikamuuliza taratibu, bila kugomba, na majibu yake hayakuhusu ugumu wa masomo. Kipindi cha saa mbili asubuhi alikuwa anapitiwa na usingizi kwa sababu hakuna wa kumwamsha. Kazi ya kwanza ilitolewa wiki ya pili ikakusanywa wiki ya sita, na hapo katikati hakuna aliyemkumbusha, akaja kuanza usiku wa kuamkia siku ya kukusanya. Pesa ya miezi minne iliisha wiki ya saba. Na somo lililomchanganya kuliko yote, mhadhiri wake alikuwa na saa maalumu za kuonana na wanafunzi, lakini yeye alifika mlangoni mara mbili akageuza. Akaniambia, "Mama, sijawahi kwenda kumwomba mtu mzima msaada peke yangu. Siku zote ulikuwa unaenda wewe."

Zile sapu alizifuta na leo anaendelea vizuri, ila alijifunza kwa maumivu ambayo ningeweza kumpunguzia.

Sasa mdogo wake, binti, ana miaka kumi na saba, na ana wiki kumi kabla ya kwenda chuo. Mimi nimeshaamua: likizo hii ni ya kumkabidhi maisha yake, kidogo kidogo, nikiwa bado karibu wa kumshika akiteleza. Tumeanza na vitu viwili. Saa ya kuamka ni yake, sigongi mlango. Na barua pepe ya chuo imetoka kwenye simu yangu, iko kwenye yake tu. Vidole vinaniwasha, lakini nimetoa.

Baada ya hapo sijui niende vipi. Nimkabidhi nini, kwa mpangilio gani, na masomo yenyewe nisiyaguse kabisa? Naombeni uzoefu wenu.

Mhadhiri Mkongwe

Mama, pole kwa yaliyopita. Nimefundisha mwaka wa kwanza zaidi ya miaka ishirini na simulizi ya mwanao naifahamu sana. Ngoja nikuonyeshe pale wanapodondokea, kwa hesabu.

Shuleni ratiba inabeba karibu kazi yote. Kengele ikigonga unaingia, ikigonga unatoka, jioni kuna kazi ya nyumbani ya kesho. Chuo hakiko hivyo. Vyuo vya Ulaya vinavyotumia mfumo wa pamoja wa krediti huhesabu mwaka mmoja wa masomo kuwa krediti 60, na kila krediti ni saa 25 mpaka 30 za kazi. Zidisha upate saa 1,500 mpaka 1,800 kwa mwaka. Sehemu ndogo tu ya saa hizo mwanafunzi anakuwa amekaa mbele ya mhadhiri. Marekani wana kanuni ya siku nyingi: kila saa moja ya darasani idai saa mbili nje ya darasa. Mwenye saa 15 za vipindi kwa wiki ana nyingine 30 za kusoma mwenyewe.

Hizo saa 30 hazijaandikwa popote kwenye ratiba. Kijana akiangalia ratiba yake ya kwanza ya chuo anaona nafasi nyeupe kila mahali, anafurahi, anadhani amepewa mapumziko. Kumbe ile nafasi nyeupe ndiyo chuo chenyewe.

Kwa hiyo nakushauri jambo moja kubwa badala ya madogo kumi: mpe, au aichague mwenyewe, kazi moja ya wiki tano au sita yenye siku ya mwisho, isiyo na mkumbushaji. Isiwe lazima ya masomo. Akusanye simulizi za bibi na babu azipange ziwe kijitabu. Ajifunze kushona mpaka atoe nguo moja inayovalika. Aandike programu ndogo ya kompyuta. Sharti ni kwamba iwe kubwa kiasi cha kutomalizika usiku mmoja, na wewe usiulize imefika wapi.

Kabla hajaanza, aandike kwenye karatasi anadhani itamchukua siku ngapi. Karatasi hiyo aitunze. Mwaka 1994 watafiti wa Kanada walitoa matokeo ya kuwauliza wanafunzi wa mwaka wa mwisho wangemaliza tasnifu zao kwa siku ngapi. Kwa wastani walikadiria siku kama 34. Uhalisia ukawa zaidi ya 55. Na hao walikuwa watu wazima wamalizao digrii. Binti yako akiliona pengo hilo kwa mkono wake mwenyewe likizoni, hatasubiri wiki ya sita.

Baba Upendo

Nitatofautiana na wengi, mnisamehe. Haya mambo ya kukabidhiana maisha ni mazuri, ila mtoto anayeenda kusoma uhandisi akikaa miezi mitatu bila kushika hesabu, anafika chuo hajui hata kutafuta mzingo. Wa kwangu alifika hivyo. Mhadhiri alianza palepale sekondari ilipoishia, hakurudi nyuma hata hatua moja. Mimi twisheni siiachi.

Mwalimu wa Hesabu

Baba Upendo, una hoja na mama asiipuuze. Hesabu isiposhikwa inashika kutu, hilo nalishuhudia kila muhula unapoanza. Ninachotilia shaka ni dawa tunayoitumia.

Twisheni ya saa nne kila siku inamfundisha kijana kukaa na kusubiri afundishwe, yaani tabia ileile itakayomwangusha. Tena akili haishiki hivyo. Hermann Ebbinghaus, Mjerumani, alijifanyia majaribio ya kukariri silabi zisizo na maana, akachapisha matokeo mwaka 1885. Aliona kwamba sehemu kubwa ya tunachojifunza hupotea ndani ya saa na siku za mwanzo, kisha kasi ya kusahau inapungua. Na kwamba marudio yaliyoachiwa nafasi hushika kuliko yaliyorundikwa siku moja. Nusu saa kwa siku, siku tano za wiki, kwa wiki nane, inatosha kumfikisha chuo akiwa moto.

Namna ninayowaelekeza wanafunzi wangu: siku ya kwanza chukua mtihani wa zamani wa somo unaloenda kulitegemea. Fanya peke yako, kwa muda uliopangwa, bila kufungua daftari. Sahihisha mwenyewe. Makosa yatakuonyesha mada mbili au tatu, mara nyingi ni zilezile: aljebra ya sehemu, trigonometria, logi. Soma hizo tu. Vifaa vipo bure kwa mwenye intaneti: Khan Academy kwa kuanzia chini, OpenStax ya Chuo Kikuu cha Rice kwa vitabu kamili vya mwaka wa kwanza, na Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts imeweka kozi zake wazi kwa dunia nzima tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Wiki ya mwisho rudia ule mtihani wa kwanza.

Aliyeshindwa kabisa kuinuka mwenyewe kwenye mada fulani, hapo mtafutie mwalimu, kwa mada hiyo tu. Na simu ya kumpigia mwalimu apige yeye.

Baba Upendo

Mwalimu, nimekuelewa. Hilo la mtihani wa zamani nitalijaribu kwa mdogo wake. Sikuwa nimefikiria kwamba twisheni yenyewe inaweza kuwa inamlemaza.

MwakaWaPili

Shikamooni wakubwa. Mimi niko mwaka wa pili, naomba niseme kwa upande wetu.

Kitu kilichonitesa chuo ni kwamba nilifika sijui kusoma. Yaani najua kusoma maandishi, ila kupiga msuli kwa akili sikujua. Nilikuwa napitia desa, yaani notisi, mara nne, napaka rangi ya njano kila mstari, najisikia nimeelewa kila kitu. Nikiingia chumba cha mtihani naona maneno ninayoyafahamu sura lakini siwezi kuyaeleza. Mhadhiri mmoja akatuonyesha jaribio la Roediger na Karpicke la mwaka 2006. Wanafunzi walipewa kifungu. Wengine wakakisoma tena na tena, wengine wakakisoma kisha wakafunika na kuandika wanachokumbuka. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma ndio walioongoza. Baada ya wiki moja, waliojijaribu waliwaacha mbali.

Tangu siku hiyo nikimaliza kurasa chache nafunika, nachukua karatasi tupu, naandika. Mara ya kwanza niliandika mistari mitatu tu kutoka kurasa kumi na mbili. Iliniuma, lakini ndipo nilipojua kusoma kwangu kulikuwa kupi. Dada yetu aanze hilo likizoni na kitabu chochote anachokipenda. Sura moja, funika, andika, fungua uone ulichoacha. Wiki mbili tu ataona mabadiliko.

Jingine ni kuandika barua pepe kwa mhadhiri. Msicheke, nilikaa siku tatu na barua pepe ya mistari minne. Sikujua nianzeje. Afanye mazoezi: kichwa cha habari kitaje somo na shida, ajitambulishe jina na namba ya usajili, aseme amejaribu nini na amekwama wapi, aulize swali moja, ashukuru. Nilikuja kugundua wahadhiri wengi wanafurahi kuulizwa. Wasichopenda ni "sijaelewa chochote" bila kusema umekwamia wapi.

Halafu mama, usimlaumu kaka yake kwa usingizi. Nilisoma kwamba umri huu homoni ya usingizi huchelewa kutoka usiku, saa ya mwili yenyewe inasogea mbele.

Mhadhiri Mkongwe

Ni kweli kijana. Na wataalamu wa usingizi wa Marekani, kwenye mwongozo wao wa mwaka 2016, wanapendekeza saa 8 mpaka 10 kwa walio kati ya miaka 13 na 18. Kwa hiyo likizoni alale, deni alilipe. Ila wiki tatu za mwisho arudishe saa nyuma polepole, robo saa kila baada ya siku kadhaa, na asubuhi atoke nje mapema apate mwanga wa jua, maana mwanga wa asubuhi ndio unaoipanga upya saa ya mwili. Anayejaribu kuirudisha usiku mmoja kabla ya kufungua chuo anahangaika bure.

Dada Mkubwa

Wakuu, naleta upande ambao hamjaugusa, na kwangu ndio unaopoteza vijana wengi kimyakimya. Nilifanya kazi miaka kadhaa kwenye ofisi ya kupokea wanafunzi wapya.

Marekani jambo hili wamelipa jina, ukilitafsiri ni "kuyeyuka kwa kiangazi". Kijana amechaguliwa, amekubali nafasi, kila mtu kampongeza, na siku ya kufungua haonekani. Makadirio ya huko yanataja asilimia 10 mpaka 20 ya waliokwisha kuamua kwenda, na kwa familia zenye kipato kidogo inapanda zaidi. Sababu kubwa ni makaratasi. Fomu ya bweni ina tarehe yake, uchunguzi wa afya una tarehe yake, mkopo au ufadhili unataka sahihi ya mzazi, kuna mtihani wa kupima kiwango unaotangazwa kwa barua pepe moja tu. Na vyote vinaangukia kipindi ambacho kijana hana mlezi wa kielimu: shule imeshamaliza naye, chuo bado hakijaanza naye.

Nakumbuka binti mmoja alikuja dirishani kwangu wiki mbili baada ya kufungua. Mkononi ana bahasha, ndani kila kitu kimekamilika, hata picha zimebandikwa vizuri. Hakuwa amejua kwamba ilibidi athibitishe pia kwenye akaunti yake ya mtandaoni. Ile barua pepe ilikuwa imedondokea kwenye kisanduku cha taka. Nafasi ilikuwa imepewa mwingine. Nilimtafutia njia mwaka uliofuata, ila ule uso bado ninao.

Kwa hiyo, MamaWawili, umefanya vizuri kumrudishia barua pepe, lakini usimwachie hivihivi. Kaeni siku moja, yeye ashike kalamu, akusanye kila tarehe kutoka chuoni kwenye kalenda moja ya ukutani. Aangalie na kisanduku cha taka kila siku. Kila hati aipige picha na nakala abaki nayo: cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule, kitambulisho, kadi ya chanjo. Kwenye chanjo aulize mapema kuhusu homa ya uti wa mgongo, kwa sababu wanaokaa mabweni kwa mara ya kwanza wako kwenye hatari kubwa zaidi na vyuo vingi vinaidai. Na mtu yeyote atakayempigia kumwambia amepata ufadhili, ila kwanza atume ada ya kushughulikia, huyo ni tapeli. Ufadhili wa kweli hauanzi kwa wewe kutoa pesa.

Kwa wazazi ambao watoto wao wamebakiza mwaka mmoja na wanafikiria kuomba nje: mfumo wa Common App unaotumiwa na vyuo vingi vya Marekani hufunguliwa upya kila tarehe 1 Agosti, na insha yake kuu haizidi maneno 650. Uingereza wanapitia UCAS, mfumo wao wa pamoja wa maombi ya vyuo. Anayetaka Oxford, Cambridge au udaktari mwisho wake ni tarehe 15 Oktoba, kama miezi mitatu kabla ya wengine wengi. Na wanaoanza masomo 2026 na kuendelea maelezo binafsi yao ni maswali matatu, jumla herufi 4,000 pamoja na nafasi. Likizo ndiyo wakati wa kuandika rasimu mbaya ya kwanza, iwekwe wiki mbili, irudiwe. Na iandikwe na mtoto mwenyewe. Msomaji wa insha hizo anazisoma kila siku, na lugha ya mzazi anaijua.

KijanaKimya

Nimesoma wote kuanzia mwanzo. Naomba niulize, naogopa kidogo.

Mimi nina miaka kumi na minane, naanza chuo likizo hii ikiisha. Lakini sina likizo kama mnavyosema. Nafanya kazi siku sita kwa wiki, nabeba mizigo na kuandika oda kwenye ghala, na sehemu ya pesa inaenda nyumbani. Intaneti naipata mara mojamoja. Wenzangu wako kwenye kozi za kompyuta, wengine wamesafiri. Nikisoma uzi huu naona nimeshaachwa kabla sijaanza.

MamaWawili

Mwanangu, asante kwa kuandika. Ningependa mwanangu wa kwanza angekuwa na nusu ya likizo yako. Unaamka mwenyewe siku sita kwa wiki. Yeye sapu zake tatu zilianzia hapo.

Mhadhiri Mkongwe

Kijana, nisikilize vizuri. Wanafunzi waliotoka kwenye kazi nawatambua wiki ya kwanza. Wanafika kwa wakati. Wakipewa maelekezo wanauliza pale wasipoelewa, kwa sababu ghalani ukiandika oda kwa kukisia utaigharamia. Wanajua kuzungumza na mtu aliyewazidi cheo bila kutetemeka. Hayo siwezi kumfundisha mtu kwa muhula mmoja.

Yako matatu tu ya kuongeza. Tarehe za chuo, kama alivyosema Dada Mkubwa, zifuatilie siku unayopata intaneti, na ukiweza mpe mtu mmoja unayemwamini azifuatilie pamoja nawe. Pili, kabla ya kuacha kazi mwombe msimamizi wako barua fupi ya kukutambulisha na kueleza ulichofanya, itakufaa. Tatu, tembea na kijitabu mfukoni. Kila siku jioni andika mistari mitano: leo nini kiliharibika ghalani na nilikitatua vipi. Kama unasomea biashara, uhasibu au uhandisi, mifano hiyo utaitumia mpaka mwaka wa mwisho.

Mwalimu wa Hesabu

Na mimi naongeza kwa KijanaKimya. Siku yako ya mapumziko, saa moja ya hesabu, mtihani wa zamani wa karatasi, bila intaneti. Ukikwama piga picha swali, siku ukipata mtandao liweke humu. Nitakujibu mwenyewe.

KijanaKimya

Nashukuru sana wakubwa. Kijitabu nimenunua leo.

MwakaWaPili

Ndugu yangu, ukifika chuo tafuta maktaba siku ya kwanza, kabla hata ya kupanga kitanda. Wiki ya kwanza wafanyakazi wa maktaba hawana watu, watakuonyesha kila kitu kwa nafasi. Wiki ya kumi hutapata hata kiti.

Mama, na pesa je? Hapo ndipo nilipoumia mimi.

MamaWawili

Narudi na mrejesho wa wiki ya tano, pamoja na jibu la pesa.

Pesa tulifanya hivi. Nilihesabu kiasi ninachotumia kwake kwa mwezi, nauli, muda wa maongezi, mahitaji yake binafsi na chakula cha mchana, nikampa zote siku ya kwanza ya mwezi. Nikamwambia hakuna nyongeza. Siku ya kumi na saba zilikuwa zimeisha. Alikuja jikoni akasimama, hakusema kitu, nami nikajua. Usiku ule nilikuwa na noti mkononi ndani ya mfuko wa kanga, nikaishika hivyo mpaka nikaenda kulala nayo. Siku kumi na tatu zilizobaki alitembea kwa miguu na alikula tulichopika nyumbani. Hakulalamika. Mwezi uliofuata aliligawa fungu kwa wiki nne kwenye bahasha nne, bila mtu kumwambia.

Kazi ya wiki sita alichagua kushona. Kwenye karatasi aliandika siku 12. Leo ni siku ya 26 na gauni lina mkono mmoja. Karatasi ameibandika kwenye kioo.

Kubwa kuliko yote ni simu. Fomu ya bweni ilikuwa inaonyesha jina la wazazi limekosewa. Zamani ningepiga mimi ndani ya dakika mbili. Nikamwambia piga. Alizunguka zunguka nyumba saa nzima. Mwishowe akachukua karatasi akaandika atakachosema, neno kwa neno, kuanzia salamu. Akakaa kwenye ngazi, simu kwenye spika, ile karatasi inatikisika. Mtu wa upande wa pili alikuwa na haraka, akamkatisha sentensi ya pili. Binti akanyamaza. Mimi nipo mlangoni, nimeuma mdomo. Kisha akasema, "Samahani, naomba nimalizie," akaendelea kutoka kwenye karatasi. Akaelekezwa atume nini na wapi. Alipokata simu akaangalia saa ya simu akasema, "Mama, ni dakika tatu tu na sekunde arobaini."

Dada Mkubwa

Hiyo "samahani, naomba nimalizie" imenitoa machozi. Wengi huwa wanakata simu pale.

Baba Upendo

Mrejesho wangu pia. Mdogo mtu alifanya ule mtihani wa zamani, akapata 41 kwa mia. Aliyekuwa anaongoza darasa. Tulikaa kimya wote wawili. Nikataka nimpigie mwalimu wa twisheni, nikajizuia. Baada ya siku mbili nikamkuta mezani alfajiri na trigonometria, mwenyewe.

MwakaWaPili

Mama, swali la mwisho kutoka kwangu. Akishaenda, utampigia mara ngapi? Mama yangu alikuwa anapiga asubuhi na jioni, nikafika mahali nazima simu, kisha tukagombana. Ni vizuri mkalizungumza kabla.

MamaWawili

Wakuu, wiki ya kumi hii. Gauni limekwisha siku ya 41, pindo lina kona moja iliyopinda na amelivaa hivyohivyo. Ameshindwa kuamka mapema mara mbili na mara moja amekosa miadi ya daktari kwa ajili hiyo, akajipangia nyingine mwenyewe. Nusu saa ya hesabu alikuwa anaruka Ijumaa, nimeliona nikanyamaza.

Jana nilipita mbele ya kalenda ya ukutani nikaona tarehe ya bweni imezungushiwa duara, pembeni ameandika "nimethibitisha". Nikamuuliza lini. Akasema Jumanne iliyopita. Siku nne zilikuwa zimepita mimi sijui.

MwakaWaPili, nimelizungumza naye kama ulivyoshauri. Tumekubaliana Jumapili jioni, na atakayepiga ni yeye.